Ndama Akiumwa

Nkwabi alikuwa ameshaanza kung'oa miiba ya zizi. Tangu asubuhi hakutulia: anang'oa, anaacha, anaingia kumtazama mtoto, anatoka, anang'oa tena. Mkewe, Yudita, alikaa mlangoni amempakata Fides, binti yao wa miaka miwili, mwepesi kama kapu tupu. Kikohozi kilichomwacha juzijuzi tu kilikuwa kimerudi, safari hii na homa.

"Tunahama, Mama Kasiani," Nkwabi alisema. "Bonde hili la Momba halitutaki. Ng'ombe wananenepa, watoto wanaisha."

Kasiani alikuwa mtoto wao wa kwanza. Walimzika mwaka uleule walioingia Momba na mifugo yao kutoka Usukumani, na hadi leo wote wawili waliitwa kwa jina lake.

Kuhama! Kana kwamba homa haina miguu. Jana Yudita alikuwa zahanati, na maneno ya muuguzi hayakumpa usingizi. Muuguzi alimpima Fides unene wa mkono kwa utepe, akauliza anakula nini. Uji mweupe, Yudita akajibu. Maziwa? Hapana, kwao mtoto anayekohoa hapewi maziwa, yanazidisha makohozi. Maharage na dagaa navyo vinangoja apone.

"Mama, mwili unapigana na ugonjwa kwa chakula," muuguzi alimwambia. "Kila akiugua mnamnyima, kwa hiyo ugonjwa unaofuata unamkuta hana nguvu. Dawa nakupa, lakini peke yake haitoshi. Chemsha maziwa umpe, na maharage umpe, hata kama anakohoa."

Alipomweleza mumewe, Nkwabi aliwaka. "Huyo anajua nini kuhusu maziwa? Mimi nimekulia zizini!" Na Nkwabi akishasema, amesema.

Fides alikohoa tena mpaka machozi yakamtoka. Yudita akashindwa kuvumilia. Alimlaza kwenye ngozi, akachukua kibuyu, akaelekea kwa yule ng'ombe mwekundu aliyezaa karibuni.

"Huyo mwache!" Nkwabi alipiga kelele. "Ndama wake anaharisha. Mwache anyonye yote. Ndama mgonjwa ukimnyima maziwa, kesho unamchuna ngozi!"

Yudita alisimama palepale na kibuyu chake.

"Hebu rudia, Baba Kasiani."

"Nirudie nini?"

"Hayo ya ndama."

Nkwabi alimtazama ndama aliyekuwa akinyonya huku mkia unatikisika, kisha akamtazama binti yake juu ya ngozi. Tawi la miiba likamdondoka mkononi.

Yudita hakumngoja. Alikamua ng'ombe mwingine, akawasha moto, akachemsha, akapoza. Fides alikunywa taratibu, akakohoa, akanywa tena. Kikombe kilipokwisha alikataa kukiachia.

Nkwabi, ambaye hakuwa ameketi tangu kulipokucha, alikuja akakaa chini karibu nao. Alichokonoa mwiba uliomchoma kidoleni.

"Mama Kasiani," alisema. "Kasiani alipokuwa anaumwa, aliomba maziwa?"

Yudita alimfuta Fides povu la maziwa mdomoni.

"Aliyaomba mpaka mwisho," alisema.