Finjani Iliyotikiswa

Tulikuwa tumeshaipa Izki kisogo, jua linapiga kioo cha gari, na dada yangu Ghaniya kila mara anauliza lile jeusi mbele ni jabali au ni kivuli. Namwambia jabali. Anageuza shingo taratibu kulitafuta, maana macho yake yalibaki kama tundu la ufunguo: kilichomo tunduni anakiona, cha pembeni hakipo.

Presha ya macho ndiyo iliyomla. Daktari wa Nizwa alimwambia wazi kwamba hicho kidogo alichobaki nacho kinakwenda, na dawa ni ya kukichelewesha tu. Wanawe wakamuuliza anataka kuona nini kabla. Walidhani atasema Makka, lakini Makka ameshakwenda. Akasema anataka kuona maporomoko ya Baba.

Baba yetu alizaliwa huku kwa Waarabu, katika kijiji ndani ya majabali ya nyuma ya Ibra, akaondoka mdogo kwenda Pemba, akafia huko kwenye karafuu zake. Watoto wengine walisimuliwa sungura na fisi. Sisi tulisimuliwa maji yanayoanguka kutoka jabalini, unayasikia kabla hujayaona, na falaji, mfereji unaoyachukua ubavuni mwa mwamba mpaka kwenye mitende, baridi ya kukata vidole. Mimi niliyafikia zamani, nilipokuwa naendesha lori na situlii pahala. Ghaniya hakuwahi. Kwanza kazi ya serikali, kisha watoto, kisha magoti.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mwanawe Nizar, mtu wa ofisi, mwenye gari kubwa la kupandia milima ambalo lilikuwa halijapanda kitu ila tuta la sokoni. Kiswahili chake cha kuokoteza. Akauliza, "Mama, hii maji iko mbali?" Mama yake akamwambia akishajifunza kusema haya maji, yatakuwa karibu.

Kijijini tukasimama. Huwezi kuingia wadi ya watu, bonde lao la mto mkavu, bila salamu, wadi ndiyo njia yao na ndiyo kisima chao. Akatupokea Mzee Humaid, jamaa yetu kwa upande wa babu, Kiswahili hajui hata neno. Akatandika mkeka, akaleta tende, akamimina kahawa.

Kahawa ya huku humiminwa kidogo kidogo kwenye finjani. Ukitosheka, unaitikisa finjani kwa kiganja, mwenyeji anaipokea, basi. Hata mtoto anajua. Ghaniya akatikisa. Humaid akamimina. Ghaniya akacheka, akanywa, akatikisa tena. Akamimina tena.

Mimi nikautazama mkono wa Humaid. Nimeitembea nchi hii kutoka Jalan mpaka Bahla, nimekaa mikekani kwa watu nisiowajua, sijapata kuona mtu anamimina finjani iliyotikiswa. Ni kama kumvua mgeni kofia. Kisha akasema mbuzi ameshafungwa, tungoje chakula, na tukitaka kulala vyumba vipo. Nikaona na wanawake wa nyumba wanahamisha magodoro kutoka chumba cha chini kwenda darini. Mbingu juu yetu nyeupe, haina hata pamba ya wingu.

Nikamwambia Ghaniya kwa Kiswahili, "Dada, mzee huyu anatuzuia."

"Anatukirimu."

"Hakuna anayekirimu hivi. Anatuzuia."

"Hatukutoa habari kwamba tunakuja, na sasa wanataka kutuchinjia. Tuondoke kabla kisu hakijatoka. Aibu hii."

Ndivyo tulivyolelewa Pemba: ukimfikia mtu ghafla, umwondokee kabla hajafunua chungu. Nizar akatazama juu, akasema mbingu safi, na Mjomba siku hizi anaogopa mpaka kahawa. Nikamuuliza Humaid kwa Kiarabu, uso kwa uso, huko nyuma ya jabali kuna mvua? Akatazama mkeka. Akasema mvua ni ya Mungu, na wao wanaiomba tangu mitende ya chini ilipoanza kukauka. Akasogeza sahani ya tende. Kwao mgeni haambiwi usiende, na mvua waliyoililia hawaitaji kwa ubaya.

Nikamsihi dada tulale, twende asubuhi.

"Marzouq," akasema, "kesho yako wewe ni kesho tu. Yangu sijui itakuja na macho au itakuja bila."

Nikavaa viatu. Tukaenda.

Gari tuliliacha mawe makubwa yanapoanzia. Ghaniya kanishika bega, Nizar nyuma kabeba maji ya kunywa. Kushoto kwetu, juu ya vichwa, falaji ilikuwa inapita ubavuni mwa mwamba, mfereji wa mawe na chokaa, upana wa mtu mmoja. Kila penye vidato vya kupandia navitia moyoni. Mvua ya Pemba ikitaka kukudhuru inakunyeshea wewe mwenyewe, unaikimbia. Mvua ya majabali haya inamnyeshea mwingine huko, kisha inateremka kukutafuta wewe kwenye jua.

Tukayasikia maji, tukafika. Kwa ule ukame yalikuwa membamba kama uzi, yanateleza kwenye mwamba mweusi na kuingia kidimbwini. Nikamshika dada kidevu nikamwelekeza.

"Juu kidogo. Kushoto."

"Naona mwamba."

"Shuka na mwamba huohuo."

"Naona mwamba, Marzouq."

Tukahangaika hivyo. Ule uzi ulikuwa mwembamba kuliko tundu alilobakiwa nalo; kila akiukaribia unampotea. Nizar akampigia picha kwa simu, akaikuza, akamwekea mbele ya uso. Akaisukuma mbali. Alisema picha angeitazama Nizwa.

Hapo ndipo upepo wa baridi ukateremka bondeni, unanuka udongo uliolowa. Kidimbwini yakaja majani makavu, kisha samadi ya mbuzi, kisha ule uzi mweupe ukageuka rangi ya chai.

Nikasema tupande. Ghaniya akasema bado. Nikasema tena, akanitoa mkono, akaendelea kuutafuta mwamba.

"Ghaniya, panda."

Tangu kuzaliwa sijapata kumwita bila kumtangulizia dada. Akageuka.

Nizar alikuwa ameshaanza kukimbilia gari. Nikamwambia gari lina bima, yeye hana. Akarudi, akamtia mama yake mgongoni, akapanda naye vidato vya karibu, mimi nyuma nasukuma kwa bega. Tukamteremsha ndani ya falaji. Humo hakuhitaji macho. Maji yalimfika vifundoni, kuta zilimshika magoti kulia na kushoto, hana pa kuangukia. Alisema Baba hakudanganya, ni baridi.

Hatujafika mbali, jabali likaguruma kama lori linalomwaga mawe. Mafuriko yakaja mdomoni mwa maporomoko kwa mara moja, mekundu, mapana kama nyumba, yakapiga kidimbwi hata hakikuonekana tena kama kiliwahi kuwepo. Ghaniya akasimama. Akageuza shingo, na safari hii hakutafuta.

"Nayaona," akasema. "Nayaona yote."

Nikamwambia twende. Akasema niache. Chini yetu maji yalikuwa yameshafika mguuni mwa ukuta, magogo yanagonga, falaji inatetemeka nyayoni. Nizar akamwambia, Mama, tafadhali, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake tangu utoto. Mama yake kasimama vilevile, mdomo wazi kidogo, anakunywa kwa macho. Nikakishika kiuno chake nimwinue kwa nguvu. Kabla sijamwinua akakunja kiganja, akakitikisa, vile wanavyotikisa finjani, akaanza kutembea.

Kipande cha falaji tulichokuwa tumesimamia kilianguka nyuma yetu. Nilisikia, sikugeuka.

Humaid alikuwa mwisho wa falaji, pale inapoingia mitendeni, yeye na wanawe na kamba mkononi. Hakulaumu. Alisema chakula tayari.

Gari lilipatikana katika shamba la tende chini ya kijiji, injini imejaa changarawe. Nizar sasa anaendesha gari dogo, na hapiti wadi hata ikiwa kavu. Wanakijiji waliijenga upya falaji kabla ya joto, ila safu ya chini ya mitende ilikwisha kufa. Mzee Humaid alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kitandani mwake, wakamzika juu ya mteremko ambako maji hayafiki. Ghaniya macho yalimwisha kabla ya Ramadhani. Anakaa Nizwa kwa mwanawe, na wanaokwenda matembezini kule wakimwambia maporomoko ni meupe na membamba, anawakatalia, anasema ni mekundu na mapana. Mimi niko Sur, nimepanga chumba. Joto likipungua nitahama.