Mashine ya Majaribio

Kinyozi alikuwa na mashine ya gemu iliyoanza kazi kabla nusu ya wateja wake hawajaota ndevu. Ilikaa juu ya kabati la taulo, chini ya televisheni, na ilipowashwa ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Mfuniko wake ulikuwa haufungi tena, kwa hiyo aliukandamiza kwa kopo la poda. Padi zake mbili za kuchezea zilifungwa plasta, ile ya kufungia vidonda, maana mpira wa vitufe ulishapukutika siku nyingi. Diski iliyobaki hai ilikuwa moja tu, ya mpira wa miguu. Mshambuliaji aliyeogopwa kuliko wote humo ndani, katika maisha ya kweli alikuwa ameshastaafu, ameota kitambi na amekuwa kocha. Hakuna aliyejali. Watu walikuja kunyolewa wakabaki kucheza, na wengine hawakuwa hata na nywele. Seremala, kwa mfano, kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama sahani, lakini kila alasiri alikuwa pale, akidai amekuja kupanguswa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka shemeji wa Kinyozi, mdogo wa mkewe, alipofungua saluni yake upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na mlango. Kijana alikuwa na viti vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza, vioo vyenye taa, na ukutani televisheni pana kama mlango wa gereji. Chini yake ilisimama mashine mpya ya gemu, nyeupe, nyembamba, imenyooka wima kama bibi harusi.

Siku ya ufunguzi Shemeji alivuka barabara kuja kusalimia. Salamu zenyewe zilikuwa fupi, macho yakatua kwenye kabati la taulo.

"Shemeji, hii umeiazima makumbusho?"

"Inafanya kazi," Kinyozi alisema bila kuinua macho kwenye kisogo alichokuwa akikitengeneza.

"Hata koleo la mkaa linafanya kazi. Mashine ya gemu ikitoka, ina miaka saba ya kutamba. Ikijitahidi sana, minane. Baada ya hapo hata walioitengeneza wanaikana. Kutoka hii yako mpaka ile yangu vimepita vizazi vizima hapo katikati, shemeji. Hii ni bibi yake ile yangu, na bibi mwenyewe amelazwa."

Wateja wakacheka. Kinyozi naye akacheka, ila cha kwake kilikuwa cha shingo upande.

Haikupita wiki, sofa lake likawa tupu. Wateja walihama mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mwalimu wa hesabu alisema daktari amemshauri akae kwenye kiti kirefu. Dereva wa lori alisema alipotea njia. Lakini kilichomkata Kinyozi maini ni kumwona Seremala kupitia kioo cha mbele, ameketi ng'ambo, padi mkononi, meno yote nje. Mtu asiye na unywele hata mmoja, na bado amehama kinyozi.

Alirudi nyumbani amenuna. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno na alishazoea kuwasoma watu wanaojifanya hawaumwi, alimtazama akivuruga chakula kwenye sahani.

"Umeizira mashine au umemzira mdogo wangu?"

"Vyote viwili."

"Watu hawakufuata kizazi kipya cha chochote," mkewe alisema. "Wamefuata kinachong'aa. Pale kwetu daktari alibadilisha pazia tu, wagonjwa wakasema siku hizi sindano haziumi."

Kinyozi akaacha kuvuruga chakula. Kijiko kikiwa hewani, akaanza kutabasamu, na mkewe akajua kuna jambo linapikwa.

Kesho yake alimvizia Seremala mlangoni kwa Shemeji na kumshika mkono kwa upole mkubwa. Seremala, kwa aibu ya kukutwa, alikubali kila alichoambiwa kabla hakijaisha kusemwa. Alitengeneza kisanduku cha mbao nyembamba, akakipaka rangi nyeusi na kukisugua mpaka mtu akaweza kujitazama ndani yake. Nyuma alitoboa matundu ya hewa, mbele akatega taa ndogo ya bluu. Fundi viatu wa jirani akazivika padi zote mbili ngozi laini iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Bibi mgonjwa akaingizwa kwenye nyumba yake mpya, mlango ukapigwa skrubu.

Wa kwanza kuiona alikuwa Mwalimu, aliyekuja kuchukua mwavuli aliousahau.

"Hii ni nini?"

"Mwalimu, usiniulize," Kinyozi alisema, akashusha sauti. "Nimeapishwa."

"Na nani?"

"Nikikuambia na nani, nitakuwa nimeshakuambia."

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuhitaji. Mwalimu aliondoka bila mwavuli. Kabla jua halijapoa, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba kwa Kinyozi kuna mashine ya majaribio, kizazi kinachokuja, ambacho hata madukani hakijafika, na kwamba imeletwa kwa siri ili ipimwe na watu wa kawaida. Nani aliyeileta, kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa bora kuliko uongo ambao Kinyozi angeweza kuutunga.

Sofa likajaa tena, wengine wakasimama. Aliyeuliza kwa nini wachezaji ni walewale wa zamani alijibiwa na Mwalimu papo hapo, kwa sauti ya darasani. "Ni makusudi. Wakiweka nyota wa sasa, utaangalia nyota. Hawa wamewekwa ili uangalie teknolojia." Aliyeuliza mbona inakoroma aliambiwa na Dereva kwamba hiyo ni nguvu, na injini yoyote yenye nguvu lazima isikike.

"Oneni majani ya uwanja," Dereva alisema, pua karibu iguse kioo. "Mtu unaweza kuyahesabu."

Majani yenyewe yalikuwa yaleyale, blanketi moja la kijani lililotandazwa kutoka goli hadi goli. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona humo jani hata moja. Kinyozi aliuma mdomo, akazima mashine ya kunyolea, akajifanya anaipuliza, maana kicheko kilikuwa kinamtikisa mkono na sikio la mteja lilikuwa karibu.

Siku chache baadaye Shemeji alivuka barabara. Alisema amekuja kuazima spiriti ya kusafishia vifaa. Alipewa spiriti, hakuondoka. Alizunguka kisanduku, akakiinamia, akakinusa kabisa.

"Naweza kujaribu?"

"Kwa kuwa ni ndugu," Kinyozi alisema.

Walicheza. Shemeji alifungwa mabao ambayo hayakuwa na huruma, na mwishoni aliweka padi chini taratibu, akashusha pumzi. "Picha zimetulia," alisema. "Sijawahi kuona." Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Kwake huko, viti vilibaki vinapanda na kushuka bila mtu. Mwisho akamvuta Kinyozi pembeni, nyuma ya pazia la stoo, akamwambia bila kuzunguka: "Tubadilishane. Wewe uchukue ile nyeupe, mimi nichukue hii."

Hapo Kinyozi alisita. Mzaha ulikuwa mtamu, lakini huyu alikuwa mtoto wa mkwe wake. Akaomba muda, akaenda kumweleza mkewe kila kitu, hata skrubu.

Mkewe alisikiliza kwa utulivu, uso kama wa mtu anayempangia mgonjwa miadi.

"Ni ndugu yangu wa tumbo moja," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuuliza."

"Tulipokuwa wadogo aliiba sungura wangu, akampaka mkaa, akanibadilishia na mwanasesere wangu. Nilimlisha sungura wangu mwenyewe mwezi mzima nikidhani ni wake." Akaanza kufuta meza. "Mpe."

Wakabadilishana mchana kweupe, kila mmoja akivuka barabara na mzigo wake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Sharti lilikuwa moja: kisanduku kisifunguliwe. "Kikifunguliwa, majaribio yamekwisha," Kinyozi alisema, na Shemeji akaitikia kwa kichwa, mnyenyekevu kupita kawaida yake.

Kinyozi aliisimamisha ile nyeupe juu ya kabati la taulo, akawaita wateja, akaiwasha. Mashine ikasema inataka apdeti. Ukatokea mstari mwembamba ukianza kutambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na wanaume wazima wakakaa kuutazama mstari huo mpaka wengine wakasinzia. Ulipofika mwisho, mashine ikataka jina, namba ya siri na tarehe ya kuzaliwa. Mwalimu, aliyejitolea kuandika, alikosea mwaka. Mashine ikamwarifu kwa heshima kwamba yeye bado ni mtoto, amwite mzazi wake atoe idhini.

"Baba yangu alifariki," Mwalimu alisema, akiitazama televisheni kwa uchungu.

Ilipokubali hatimaye, picha zilikuwa za ajabu kweli. Wachezaji walitoka jasho, na jasho lilionekana likichuruzika. Watu wakashangaa siku ya kwanza, wakashangaa ya pili. Lakini mchezo wenyewe uliwataka wacheze na watu wa mbali, kila mtu kwa zamu yake, amevaa vitu vya masikioni. Dereva alifungwa na mtu asiyemwona, aliyemtukana kwa lugha asiyoijua. Alivua vile vya masikioni, akawageukia wenzake kutafuta wa kumzomea au wa kumtetea, akawakuta wanasoma simu zao.

"Nikifungwa na Seremala hapa," Dereva alisema, "najua anapoishi. Huyu nitamlipizia wapi?"

Akasimama, akavaa kofia, akavuka barabara. Kule kwa Shemeji zilikuwa zinatoka kelele ambazo Kinyozi alizijua moja moja: kikohozi cha Seremala anapokaribia kufunga, vishindo vya watu wanaoruka juu ya sofa, na mlio wa ile mashine ikikoroma ndani ya mbao zake. Wa pili akamfuata Dereva, kisha wa tatu. Mwalimu alibaki siku nzima zaidi, kwa adabu.

Kinyozi alipomweleza mkewe jioni ile, mkewe alicheka hadi akalazimika kukaa sakafuni. "Umemtapeli mtu wa ng'ambo," alisema akipangusa machozi, "na aliyeliwa ni wewe."

Kinyozi alivumilia siku kadhaa. Halafu asubuhi moja, akiwa amefika katikati ya kichwa cha mhasibu mmoja mwenye haraka, ng'ambo kukapigwa ukelele wa goli, mrefu, wa watu wengi. Mkono wake ukasimama wenyewe. "Nakuja sasa hivi," alimwambia mhasibu, akaweka mashine ya kunyolea mezani, akavuka barabara na aproni yake.

Shemeji alimwona, akamsogeza mtu, akagonga nafasi iliyobaki kwenye sofa. Hakumuuliza alichofuata. Alimpa padi tu. Walicheza mpaka goli la kwanza, na hapo dhamiri ikamshinda Kinyozi. Akainama kama anayeokota kitu.

"Shemeji, kile kisanduku," alinong'ona. "Ndani kuna..."

"Kuna bibi. Najua." Shemeji hakutoa macho kwenye televisheni.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya spiriti. Nilipopiga krosi ya kwanza, beki wako wa kushoto akasimama katikati ya uwanja akageuka kuangalia ukuta. Hakuna mashine nyingine duniani yenye ugonjwa huo."

Kinyozi akapitwa na mpira bila kuuona. "Sasa mbona ulibadilishana?"

"Kwa sababu niliitaka." Sasa alikuwa ananong'ona na yeye. "Ile nyeupe ilinifanyia hayo hayo iliyokufanyia wewe. Wateja wanakuja, wanavaa vya masikioni, wanaondoka. Nikikusikieni ng'ambo mnavyopiga kelele nilikuwa naumwa. Lakini nilishaitukana bibi yenu mbele ya watu. Ningekuja kuiomba kwa uso gani? Ukatokea wewe na kisanduku chako, nikasema asante Mungu."

"Ukaniacha nijione mjanja."

"Ulikuwa unafurahi sana, shemeji. Dada aliniambia nisikuharibie."

Kinyozi alitaka kuuliza dada alijua tangu lini, lakini mlango ulifunguliwa. Mhasibu alisimama kizingitini, shuka la kunyolewa shingoni, kichwa upande mmoja safi na upande wa pili msitu. Sofa zima lilimgeukia.

"Nina kikao," alisema kwa ukali. Kisha macho yake yakaenda kwenye televisheni, yakaganda hapo. "Huyo mshambuliaji si yule ambaye sasa ni kocha? Bado anakimbia hivyo?"

"Humu hajawahi kuchoka," Seremala alisema, akasogea ili apate nafasi.

Mhasibu aliketi. Alipofungwa mara ya pili alikuwa ameshavua koti, na aliyemnyoa ule upande uliobaki alikuwa Shemeji, wakati wa mapumziko, kwa haraka, jicho moja kwenye kichwa na jingine kwenye mpira. Kikao alikikosa. Ile nyeupe mke wa Kinyozi aliipeleka nyumbani, akawa anaitumia kuangalia tamthilia, na mdogo wake akimtania kwamba apdeti nyingine imetoka, anamjibu aende akamuuguze bibi yake kwenye kisanduku.