Bunduki Hulala Nje

Pikipiki za theluji zilikuwa zimeshaipita nyumba ya mwisho ya Chisasibi, kijiji cha kaskazini mwa Kanada, na kushuka kwenye barafu ya ghuba, ndipo Jemima alipogundua kwamba amekalia birika. Hakuweza kulitoa. Sleji iliyovutwa nyuma ya pikipiki ilikuwa ikiruka matuta ya theluji, na mikono yake yote ilikuwa kazini: wa kushoto umemshika mama mkwe wake, aliyeviringishwa mablanketi kama mtoto mchanga, na wa kulia umekumbatia bunduki mbili ndani ya mifuko yake.

"Tumesahau birika!" mama mkwe alipiga kelele kushinda injini.

"Ninalo, mama."

"Liko wapi?"

"Usiniulize."

Bibi kizee akacheka mpaka akapaliwa na upepo. Kila mtu alimwita Kukum, yaani bibi kwa lugha yao ya Kikrii, na miaka yake alikuwa ameshaacha kuihesabu. Desturi ya kambi ilikuwa hii: barafu inapoanza kulegea na bata bukini wanaporudi kutoka kusini, ndege wa kwanza kuangushwa hupewa aliye mzee kuliko wote. Kwa muda mrefu mzee huyo alikuwa Kukum, na kila mwaka ndege wake alitoka kwenye bunduki ya mwanawe Noah, mume wa Jemima. Noah alifariki mito ilipokuwa ikianza kuganda.

"Mwaka huu pia nataka ndege wa nyumba yangu," Kukum alikuwa amesema kabla hawajafunga mizigo. "Akitoka nyumba nyingine nitashukuru na nitamla. Lakini nitakuwa nimekula kwa jirani."

Na katika nyumba ile, mwenye kujua kushika bunduki alikuwa amebaki Jemima peke yake. Reggie, mume wa binti yake, alikuwa hodari, lakini mkwe ni mkwe: ndege wake wa kwanza humpelekea mama yake mzazi.

Jemima hakuwa mgeni wa mawindo. Alikaa mavizioni na Noah tangu walipooana, na wengine walisema chini kwa chini kwamba katika wawili wale mwenye jicho ni mke. Kilichoharibika ni bega. Alianguka na pikipiki majira mawili nyuma, bega la kulia likavunjika, madaktari wakaliunga kwa vyuma. Baada ya msiba alitoka nyuma ya nyumba na bunduki ya Noah, ile ya kuvuta kwa mkono kila baada ya mlio. Alipiga mara moja, akajikuta ameketi kwenye theluji, na siku ile kikombe cha chai alikinywa kwa mkono wa kushoto.

Basi ikaamuliwa atafutiwe bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, maana hizo husifiwa kwa upole. Kumbe nazo hazifanani. Moja ya zile mbili alizozikumbatia ilikuwa ya shemeji yake Sinclair, mume wa dada yake. Hiyo hujipakia kwa nguvu ya teke lake lenyewe, ule msukumo wa kurudi nyuma inapolia. Ni nyepesi, haichagui hali ya hewa, lakini bega hulipata teke karibu lote. Nyingine ilikuwa ya Reggie, mpya, inang'aa. Hiyo huiba moshi kidogo wa risasi na kuutumia kusukuma matumbo yake, hivyo teke humfikia mtu likiwa limeshapunguzwa makali. Ila ni nzito kidogo, na tumbo lake linataka kutunzwa.

"Zijaribu zote mbili, mama," Reggie alimwambia. "Utakayoipenda tutakununulia kama hiyo. Lakini utaipenda yangu."

"Ataipenda yako kwa sababu ni nzuri kutazama," Sinclair akasema. "Kama wewe ulivyokuwa kabla ya kuoa."

Sinclair ndiye aliyekuwa mkuu wa mawindo pale kambini. Yeye huutazama upepo na kusema watu wakae wapi, wapige lini, wasipige lini. Neno lake halipingwi, hata na walevi.

Asubuhi ya kwanza yenye upepo aliwakalisha kwenye rasi, nyuma ya ukuta wa vipande vya theluji, wote wamevaa makoti meupe, bata wa bandia wamepangwa mbele yao. Kwa heshima ya Noah alisema risasi ya kwanza ni ya Jemima. Kundi likaja chini chini. Jemima akaiinua bunduki ya Reggie na kufyatua. Bega halikulia! Lakini lile koti nene lilikuwa limenasa kitako kwapani, na marisau yakapita nyuma ya ndege. Akafyatua tena. Kimya. Bunduki ilikuwa imeganda nusu wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Chukua hii!" Sinclair akamsukumia yake.

Hiyo ilisema, tena ilisema sana. Mara mbili, na mara ya pili Jemima aliona giza. Kundi likageuka, likarudi baharini zima, halikupungua hata unyoya.

Jioni walikula supu ya samaki hemani, mpaka Kukum alipoweka kijiko chini.

"Reggie, bunduki yako ililala wapi?"

"Ndani, Kukum. Kando yangu. Ni mpya ile."

"Uliifunika?"

"Kwa blanketi langu."

"Na soksi mbichi za watu zinaning'inia juu yake, na chungu changu kinachemka usiku kucha. Ilitoka jasho mpaka ndani, mjukuu wangu. Ukaitoa nje, jasho likawa barafu. Mke hulala ndani. Bunduki hulala nje!"

Hema likaangua kicheko. Hata mke wa Reggie alijificha uso kwa mkono. Reggie akatoka nje kutazama nyota ambazo hazikuwepo.

Siku zilizofuata upepo ulikufa. Siku tulivu Sinclair haruhusu hata mlio mmoja, kwa sababu sauti husafiri juu ya barafu na bukini wataihama nchi nzima. Basi kambi ilikaa na kusikiliza. Bukini walipita juu, makundi kwa makundi, kamba ndefu zilizokunjika angani, wakiongea kama watu wanaorudi kutoka sokoni. Aliyekuwa akipasua kuni alisimama na shoka mkononi. Jemima aliwaona tangu utotoni, na bado alijiuliza: nani aliwaambia kwamba barafu ya hapa, pembe hii ndogo ya dunia, sasa inaanza kufunguka?

Sinclair alimjia akiwa amekaa juu ya sleji.

"Upepo ukirudi, kila mtu anapiga. Siwezi kuiweka kambi yote nyuma ya bega lako, shemeji."

"Sijakuomba."

"Chukua yangu. Bega litapona. Aibu haiponi."

Jemima aliinua mkono wake wa kulia. Ulifika kifuani, ukaishia hapo. Ile ya Sinclair ingepiga bila shaka, lakini yeye asingeweza kuiinua tena. Ile ya Reggie angeweza kuiinua, lakini imeshamwaibisha mara moja.

"Nitachukua ya mkwe wangu," alisema. "Kosa ni la malezi, si la bunduki."

Akaifungua vipande, akakifuta kila kipande kikavu pasipo mafuta mengi, akailaza nje chini ya turubai. Kila asubuhi, ndani ya koti lile nene, alifumba macho, akakisukuma kitako mbele kwanza ndipo akakirudisha begani, kisha akafumbua macho kuona mtutu unatazama wapi. Mwanzoni ulitazama miti. Baadaye ukaanza kutazama alipotaka yeye.

Upepo ulirudi kutoka kaskazini magharibi pamoja na theluji nyembamba. Walikuwa mavizioni kabla hakujapambazuka vizuri. Kwanza ilikuja sauti, haina upande, kama ardhi inayonguruma. Kisha mbingu yenyewe ikasogea. Hawakuwa kundi, walikuwa bukini wa ghuba nzima, wameminywa na upepo mpaka wakaruka usawa wa vichwa vya watu. Mabawa yalisikika kama turubai linalochanika bila kufika mwisho. Reggie alivua kofia bila kujua. Sinclair, mkuu wa mawindo, alikuwa na kinywa wazi. Jemima aliona jicho la ndege mmoja, jeusi, linang'aa, na jicho lile likamwona.

Hakuna aliyepiga. Hawakukatazwa, walisahau tu.

"Mama," Reggie akanong'ona. "Nyumba ya Kukum."

Jemima akasimama. Kitako kikateleza begani bila kunasa. Mlio wa kwanza ulimsukuma kama kiganja cha mtu anayesema nenda. Bunduki ikatema ganda, ikajipakia, ikangoja. Mlio wa pili, na bukini mmoja mkubwa akakunja mabawa, akaanguka mbele yao kwa kishindo ambacho barafu ilikijibu. Ndipo wengine wakakumbuka kwamba wana bunduki.

Kukum alimpokea ndege kwa mikono miwili na kumweka mapajani kabla hajaruhusu anyonyolewe.

"Nilisikia," alisema. "Mlio mmoja, kisha ukangoja, kisha mmoja. Noah hakuwa na subira hiyo."

Ndege akabanikwa kwa kuning'inizwa kwenye uzi juu ya moto, akizunguka polepole, mafuta yakidondoka. Kukum alikula mpaka ikabaki mifupa, nayo ikatundikwa mtini kwa heshima ya ndege, kama ipasavyo.

Kukum alifariki majira ya joto yaliyofuata, nyumbani, akiwa usingizini. Jemima alinunua bunduki kama ya Reggie na aliwinda nayo mpaka macho yalipomkatalia, sasa kazi yake ni kunyonyoa ndege. Sinclair bado ni mkuu wa mawindo na bado anasema yake ni bora. Reggie na mkewe walihamia kambi ya mama yake Reggie, na bunduki yake hulala nje. Birika lilibonyea upande mmoja siku ile ya safari, na bado wanachemshia chai.