Mikono ya Dokta

Nyumbani dada yangu tunamwita Dokta, ingawa yuko mwaka wa pili wa uuguzi na cheti chenyewe hajakiona. Alianza chuo akiogopa hata kupita karibu na chumba cha maiti. Muhula mmoja tu, akawa anatusimulia nani kafia wodini huku anatafuna, mpaka mama akamfukuza mezani.

Chuoni wana mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mtu mzima, wanayejifunzia kukandamiza kifua moyo unaposimama. Ukilegea, mwalimu anakwambia umeshaua. Dokta halegei. Alipata alama za juu, na hakutuacha tusahau.

Bibi yetu, mzaa mama, moyo wake ulikuwa umechoka, na hospitali alikataa katakata kurudi. Alimwita Dokta mbele yetu sote.

"Mjukuu wangu, siku yangu ikifika niacheni niende taratibu. Wewe ndiye utakayewazuia hawa."

"Sawa, bibi. Nitawazuia."

Yaani wa kuchungwa tulikuwa sisi.

Bibi alikwenda asubuhi moja, mama akimnywesha chai. Alivuta pumzi, tukasubiri nyingine, haikuja. Mama hajaweka hata kikombe chini, Dokta alikuwa ameshamshusha bibi sakafuni, kapiga magoti, anakandamiza na kuhesabu kwa sauti ya darasani. Tukasikia ubavu ukivunjika. Hakuacha.

"Mwache," mama akasema.

"Bado kuna nafasi."

"Mwache mama yangu. Ulimwahidi."

Hakusikia, au alisikia mikono ikakataa. Ilibidi nimvute kwa mabega. Nilikasirika kweli, nusura nimzabe kibao. Kisha nikamsikia bado anahesabu, hasira zikaniishia.

Tukamrudisha bibi kitandani. Dokta akaketi kando yake, akamshika mkono. Vidole vikaenda moja kwa moja kwenye kifundo cha mkono, vikatulia pale vikitafuta mapigo. Mama akaviona. Akavibandua kimoja kimoja, akaviteremsha mpaka kwenye kiganja cha bibi, kisha akavifunika kwa mkono wake mwenyewe.

"Mshike hapa," akasema. "Huyu ni bibi yako."

Dokta akakitazama kile kiganja. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, na mama hakumnyamazisha.