Ng'ombe wa Uberlinda na Gogo la Rosamel

Uberlinda Guenteo alikuwa na msonyo wake maalumu kwa ajili ya jirani yake Rosamel. Kila alipopita uzioni na kuwakuta ng'ombe wa Rosamel wamezamisha midomo ndani ya gogo lililooza, aliutoa.

"Mtu mzima hovyo wewe! Ng'ombe unamlisha kuni?"

"Si kuni, jirani. Ni huempe."

"Ni uvivu. Wenzio wanafyeka nyasi, wewe umelala, uyoga ndio unakufanyia kazi."

Na kweli uyoga ndio uliofanya kazi. Rosamel aliyaacha magogo ya miti ya tepa yalale msituni kwenye unyevu miaka nenda rudi. Uyoga ukayaingia, ukala ugumu wote, ukabakisha kitu cheupe, laini, cha kubinyika kama mkate uliolowa. Hicho ndicho huempe, na ng'ombe wanakipenda ajabu. Maskini wangapi hapa kisiwani Chiloé wamevusha mifugo yao majira ya baridi kwa huempe? Lakini Uberlinda alisema huko ni kula jalalani.

Haya, tumtazame huyo asiyekula jalalani. Kiangazi kile nyasi zake zilikuwa tayari kufyekwa kwa akiba ya baridi, na mvua inanukia. Mwenye akili angeitisha minga, kazi ya ujima: unapita nyumba kwa nyumba, unasema "nakusihi", na ukishasihi hakuna jirani awezaye kukukatalia. Kazi yako ni kupika tu. Uberlinda asihi? Ng'o! Alifyeka peke yake, mgongo ukimuuma, kisha kwa kuhofia mvua akaziingiza ghalani mbichi vilevile. Kufika Julai, katikati ya baridi, zote zimeota ukungu mweusi. Clavela, ng'ombe wake pekee, tena mwenye mimba kubwa, alizinusa akageuza kichwa. Mbavu zikamtoka.

Nolfa, mke wa Rosamel, akashindwa kuvumilia.

"Jirani, njoo usihi. Leo hii hii tunakukokotea gogo. Neno moja tu, litakuua?"

Uberlinda akamtazama kutoka unyayoni hadi utosini. "Nisihi takataka? Kuleni nyie na ng'ombe wenu."

Jumapili, watu wote walipokwenda kanisani, huyo Uberlinda mwenye makuu akafungua uzio wa Rosamel, kamba ya Clavela mkononi. Wala hakumvuta, ng'ombe ndiye aliyemvuta yeye. Clavela akaingiza kichwa chote ndani ya gogo akala kwa pupa, makombo meupe yakimdondoka kifuani.

"Kula, mama," Uberlinda akamnong'oneza. "Kula upesi."

Lakini siku ile boti ya padre haikufika, na misa ikavunjika. Alipogeuka, aliwakuta Rosamel, Nolfa na nusu ya kijiji wamesimama langoni.

Rosamel hakuwa malaika. Matusi ya mwanamke yule alikuwa ameyameza miaka mingi. Akavua kofia taratibu, akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Karibu, jirani. Umekuja kusihi, au umekuja kuiba?"

Akijibu kusihi, gogo ni lake, na mengine yatafuata mpaka nyasi zichipue. Desturi ndiyo inavyotaka. Nolfa alikuwa akimkonyeza nyuma ya mumewe: sema, dada, sema tu. Clavela alitafuna, hana habari.

"Kuiba," akasema Uberlinda.

Lo! Kiburi gani hiki, jamani? Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaanza kumvuta Clavela amtoe kwenye chakula. Ng'ombe akakaza miguu, akalia. Mwanamke akavuta, machozi yanamtiririka mashavuni na shingo ameisimamisha vilevile, mpaka akamtoa langoni, katikati ya watu. Hakuna aliyecheka. Hata Rosamel aliirudisha kofia kichwani akatazama chini.

Jumatano Clavela alilala chini, asiinuke tena. Walipomchuna wakamkuta ndama tumboni, ameshaota manyoya.

Nolfa akaja kutoa pole na mkate wa viazi wa moto. Uberlinda alifungua mlango kidogo tu, kiasi cha kupitisha mkono.

"Alikuwa mgonjwa," akasema. "Hakuwa na njaa."