Kioo Nyuma ya Mikono ya Bi Harusi

Mpira wa nywele ndio uliokuwa ukiizuia kamera ya Bi Shemsa isimwage betri zake. Mpira wenyewe wa waridi, wa Riyama alipokuwa skuli ya watoto wadogo. Sasa Riyama ana miaka ishirini na minne, stashahada yake imo kabatini, na kila mama yake alipoitoa kamera ile mbele za watu, yeye alitazama pengine.

"Wee Shemsa, hiyo kamera au redio?" wanawake walimtania.

"Redio hii ndiyo iliyokupiga harusi yako ukatoka na kidevu kimoja," alijibu Bi Shemsa. "Mashine za siku hizi zitakutoa na vyote viwili."

Wakacheka mpaka wakashikana. Riyama hakucheka.

Kamera aliiletewa na marehemu mumewe kutoka Maskati, na kwa miaka kumi na sita ilikuwa ndiyo kazi yake. Bi Shemsa alipiga picha za shughuli za wanawake: singo ya kumsugua bi harusi manukato, hina, kumtoa bi harusi. Ni shughuli za ndani, ambazo buibui huvuliwa mlangoni na mwanamume hapiti hata kwa kuomba maji. Humo mtu hucheza kwa kanga moja, nywele wazi, akacheka kwa kinywa chote, kwa sababu anajua waliomzunguka ni nani.

Na mji ulimwamini kwa jambo moja. Akimaliza, alisimama katikati ya chumba, akaitoa kadi kwenye kamera, akampa mama wa bi harusi mkononi huku watu wote wanaona. "Amana yenu hii," alisema. "Mimi natoka mikono mitupu." Picha wazichague wenyewe, wazichapishe wenyewe. Hakuna hata moja iliyowahi kupotea njia.

Mwezi wa Rajabu lenzi ilikwama nje, ikawa kama kobe aliyetoa shingo akasahau kuirudisha. Riyama akaipeleka Darajani kwa fundi mmoja, Jecha. Jecha akaigeuzageuza, akaitikisa sikioni.

"Inapona hii. Kijino kimoja tu ndani kimekatika. Niachie wiki mbili."

Riyama akauangalia ule mpira wa waridi. Akawaona akilini wale wanawake wanaocheka.

"Basi ibaki kwako," alisema, "ikufae kwa vipuri."

Nyumbani alisema, "Imekufa, mama. Fundi kasema haina dawa."

"Inna lillahi," alisema Bi Shemsa, nusu mzaha. "Hata mpira wake hukunirejeshea?"

Wiki ile ile Riyama alileta kamera mpya, nyeusi, nzito, aliyoidundulizia mshahara wake wa mapokezi katika hoteli moja ya Shangani. Bi Shemsa aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Riyama alimfundisha vitufe vitatu. Cha nne hakumwambia: kamera ile ilikuwa ikizituma picha yenyewe kwenye simu, na simu aliyoiunganisha nayo ilikuwa yake. Alijiambia kwamba itawarahisishia kazi. Na mama angeanza maswali.

Kazi ya kwanza ya kamera mpya ilikuwa singo ya Faiza, binti wa Bi Amne, kule Kiponda, baada ya sala ya alasiri. Chumba kilijaa udi na asumini. Shangazi wa Faiza, Bi Ummkulthum, alikuwapo. Huyu ni mwalimu wa chuo cha Kur-ani mtaa wa Malindi, mtu ambaye njiani humwoni ila uso na viganja. Siku hiyo walimvuta katikati naye akavutika. Alijifunga kanga kifuani, akaziachia mvi zake mabegani, akakata kiuno kwa madaha, na vigelegele vikataka kuling'oa dari.

Bi Shemsa alipiga. Alipomaliza alisimama palepale anaposimama siku zote, akaitoa kadi, akamkabidhi Bi Amne.

"Amana yenu hii. Mimi natoka mikono mitupu."

Riyama alikuwa nyuma yake, kabeba mkoba. Ndani ya mkoba simu yake ilikuwa ya moto, ina picha zote.

Alipofika nyumbani alizipitia moja moja. Alitafuta isiyo na uso wa mtu, akaipata: mikono ya Faiza juu ya meza ya kujipambia, hina imekoza, maua yamepanda mpaka kwenye viwiko. Mikono mitupu. Hina haina aibu. Akaiweka kwenye stetasi yake ya wasapu, na chini akaandika: *Kazi ya mama yangu. Mashaallah.* Sifa zikamiminika. Riyama alilala anatabasamu.

Asubuhi akapigiwa simu na Mashavu, rafiki yake.

"Riyama, futa."

"Nifute nini?"

"Ile picha. Itanue, utazame kioo."

Akaitanua. Nyuma ya mikono ya bi harusi kulikuwa na kioo cha meza, na ndani ya kioo alikuwamo Bi Ummkulthum, kainua mikono, mabega wazi, kanga imetelemka kidogo. Kamera kongwe ingemfanya ukungu tu. Hii mpya ilimtoa mpaka baka lililoko chini ya shingo yake.

Akafuta. Watu mia na themanini na sita walikuwa wameshaiona.

"Wameshaipiga skrinishoti," Mashavu alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yangu kaonyeshwa kijiweni. Wanaulizana, 'Huyu si yule Mwalimu?' Wanacheka, Riyama."

Hakumwambia mama yake. Alingoja kesho, na kesho akangoja keshokutwa. Aibu ukiipa siku moja ya kupumzika kwako, hutandika mkeka. Siku ya tatu alirudi nyumbani kutoka kazini akamkuta Bi Shemsa kaketi kitandani na buibui lake, hajalivua. Nyumba mbili zilikuwa zimemwambia kwamba harusini kwao hawamhitaji tena.

"Wanasema picha imetoka kwenye simu yako," alisema Bi Shemsa. "Vipi itoke kwako, na kadi nilimpa Amne mbele ya watu?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Riyama aliuona, akaupita.

"Kamera hizi hutuma picha zenyewe, mama. Labda... labda ulibonyeza kitufe."

Bi Shemsa akaviangalia vidole vyake.

"Basi ni mimi," alisema.

Ijumaa walikwenda Malindi. Bi Ummkulthum aliwapokea chumbani kwake, hapana mwanamume ndani ya nyumba, naye kajifunga mtandio mpaka kidevuni, mikono ya gauni kaivuta ikafunika vidole. Riyama hakuweza kumtazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Bi Shemsa hakukaa kitini. Alipiga magoti mkekani, akaweka mikono yake juu ya magoti ya yule mwanamke.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilibonyeza nisichokijua. Ile kongwe yangu nilikuwa nnaijua hata kwa kupapasa. Hii mimi mjinga wake. Kosa langu, Mwalimu, nami sina la kujitetea."

Bi Ummkulthum alimwacha amalize. Kisha akauliza taratibu:

"Na maneno yaliyoandikwa chini ya picha, Shemsa? Hayo nayo uliyabonyeza wewe?"

"Maneno gani?"

Bi Shemsa, bado kapiga magoti, akageuza uso kumtazama mwanawe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama anavyomuuliza kila siku jambo la simu asilolijua, akiamini kwamba ataambiwa.

"Si yeye," alisema Riyama. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mama hakubonyeza chochote. Mimi niliiunganisha na simu yangu, yeye hajui. Mimi niliichagua ile picha, mimi niliandika. Sikukiona kioo, Mwalimu, wallahi sikukiona. Lakini mama aliponiuliza, nikamsukumia yeye." Akamgeukia mama yake. "Na kamera yako, mama, haikufa. Ilikuwa inapona. Niliionea haya."

Bi Shemsa aliitoa mikono yake juu ya magoti ya Bi Ummkulthum, polepole, kama mtu aliyegundua kwamba kashika mali isiyokuwa yake. Akainuka, akakaa kitini, akautengeneza ushungi wake.

"Wanafunzi wangu ni kumi na tisa," alisema Bi Ummkulthum. "Jana wamekuja saba. Na hao saba, nikisomesha, wananitazama mabegani." Akamngoja Riyama mpaka akainua macho. "Mama yako hana kosa kwangu, na nyumba zote zitalisikia hilo kwa kinywa changu. Wewe, bado. Nikikwambia nimekusamehe leo ntakuwa nnasema uongo, na uongo umeshatosha."

Neno lake lilifanya kazi. Kabla mwezi haujaandama, Bi Shemsa aliitwa Mkunazini kwenye hina ya binti mmoja. Riyama alibeba mkoba kama kawaida, akatembea hatua mbili nyuma yake. Mlangoni alisimama Bi Sichana, mwenye shughuli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongozea watu.

"Karibu, Shemsa, karibu ndani. Mwanao atabaki."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeonesha viatu viwekwe wapi. Bi Shemsa akanyoosha mkono, akaupokea mkoba. Kwa nukta moja vidole vyao vilikutana. Kisha akavua buibui lake, akampa Bi Sichana, akaingia, na pazia likaanguka.

Riyama alibaki njiani. Kwenye baraza ya nyumba ya pili walikaa wazee watatu wanakunywa kahawa. Ndani vigelegele vilipanda, na katikati yake akaisikia sauti ya mama yake ikimtania mtu, na kicheko kikubwa kikajibu.

"Mwanangu," mzee mmoja alimwita.

"Naam."

"Mbona umesimama juani? Wenzako wamo ndani."

Angeweza kusema anamngojea mtu. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, lingemtosha yule mzee.

"Mimi siingii, babu," alisema. "Mimi ndiye niliyeitoa picha ya Mwalimu."

Mzee alikishusha kikombe chake. Wenzake wakageukia upande wa pili. Yule mzee akatazama chini, na hakumwambia ondoka, wala hakumwambia kaa.