Mkwe Aliyetengeneza Kisicho Kibovu

Anselme hakuwahi kuwaheshimu watu wanaosikiliza muziki kwenye simu, na tangu macho yake yazimike dharau iliongezeka, maana sasa alikuwa na muda wa kuwasikiliza. Mji mzima wa Bunia ulimchefua. Wimbo unaanza vizuri, mara tangazo la bia linaingia katikati. Wengine wanajaziwa nyimbo kwenye simu sokoni, na muuzaji amepachika sauti yake humo akitaja kibanda chake, hata juu ya nyimbo za kanisa. Na wenyewe wanacheza tu, hawaoni aibu. Masikio ya mbuzi, alisema Anselme, tena mbuzi ana nafuu.

Yeye alikuwa na chombo kidogo cha muziki, cha zamani, kilicholika kona. Fundi mmoja wa shirika la misaada alikifuta mfumo wa kiwandani akaweka mfumo huria, ule unaotungwa na watu wa kujitolea na kuachiwa yeyote autumie. Mfumo huo ulijua kusoma kwa sauti. Anselme alizungusha kidole, na sauti ya mwanamke ikamtajia kwa Kifaransa kila folda na kila wimbo, mpaka afike anapotaka. Hakumwomba mtu yeyote amsaidie, na hilo lilimpendeza kuliko muziki wenyewe.

Alipotaka kufika palikuwa mahali pamoja tu: kwaya ya kwao Fataki, mkewe Elisabeth akiongoza, iliyorekodiwa kanisani kabla hawajakimbia vita. Elisabeth alishakufa, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote. Binti yao Adèle aliwahi kuomba nakala.

"Nikupatie ya kufanya nini?" alimjibu. "Uichanganye na takataka ya mu telefone yako?"

Adèle hakuomba tena.

Ikaja siku ya mahari, ukoo wa Bruno ukaleta ng'ombe. Bruno alikuwa fundi na muuzaji wa simu pale sokoni, mwenye marashi ya kumtangulia mlangoni, na Anselme alimkubali kwa sababu Adèle alimtaka, basi. Wageni wakiwa wanakula chini ya turubai, Bruno alisikia chombo kikitaja majina ya nyimbo, akacheka.

"Baba, hii appareil iko mugonjwa. Iko nasemasema kama kasuku! Leta, nitaitengeneza."

"Haiko mugonjwa."

"Baba, acha tu. Mukwe wako iko fundi."

Wazee wa Bruno wakageuka kusikiliza. Katika ukoo wao, siku mkwe anapoleta ng'ombe, kazi ya kwanza anayojitolea kumfanyia baba mkwe haikataliwi. Kuikataa mbele ya wazee wake ni kumrudishia ng'ombe wake na kuvunja uchumba. Anselme angeweza kusema kilichomo ndani, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini amweleze habari za Elisabeth bwege yule? Mbele ya wageni waliokuwa wakitafuna kwa kelele? Hata kidogo. Alikitoa mfukoni akampa, akijiambia kwamba huyu atahangaika, atashindwa, atarudi amenywea. Alitamani sana kumsikia akishindwa.

Bruno alikwenda nacho kibandani kwake. Nyama haijaisha, akarudi.

"Sasa iko mupya kabisa, Baba! Nilirudisha système ya kiwanda, nikafuta buchafu yote. Angalia vile inang'aa."

Anselme alizungusha kidole. Hakuna aliyemtajia kitu. Akazungusha kurudi nyuma, akabonyeza, akaweka sikioni.

"Na nyimbo?"

"Ile ilitoka, Baba. Lakini nitakujazia ingine, mingi sana."

Adèle akaacha sahani aliyokuwa ameibeba, akaja kupiga magoti mbele ya baba yake. Hakumlaumu, na Anselme aliona uchungu kwa hilo kuliko kama angelia. Binti alianza kuimba polepole wimbo wa mama yake, ubeti wa kwanza, katikati ya wageni.

"Hapana," Anselme akamkatiza kwa hasira. "Haiko vile. Mama yako hakuimba ovyo vile."

"Aliimba namna gani, Baba? Nifundishe."

Anselme alifungua kinywa amwonyeshe. Alijua kwamba Elisabeth hapo alibadilisha sauti, lakini kupanda au kushuka, hakukumbuka. Adèle alikuwa bado amemshika magoti, akingoja.